Amepoa

Nyumbani kwetu chai haipoi. Inapungua moto. Uji unapungua moto, maji ya kuoga yanapungua moto, na pasi ikichomolewa ukutani inapungua moto. Mume wangu alijifunza kusema hivyo kwa siku tatu. Mama yake ilimchukua mwaka mzima, na hata leo akijisahau hujiziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa sheria hiyo. Kuna nyumba hazitaki viatu ndani. Yangu haitaki neno hilo.

Kazini sikuweza kulikataza. Ninafungasha mikate kiwandani, na neno hilo ndiyo kazi yenyewe. Mikate inatoka tanurini ndani ya trei, inapangwa kwenye rafu za chuma, inakaa. Ukiufunga mkate ungali na moto, unatoa jasho ndani ya mfuko, na keshokutwa mteja anaurudisha umeota ukungu kama ndevu. Kwa hiyo kabla ya kufunga lazima mtu apime, na kipimo ni mkono wake. Unaweka mgongo wa mkono chini ya mkate, unahesabu moja, mbili, tatu, unasema. Msimamizi anauliza kutoka mlangoni, "Imepoa?" Wenzangu wanajibu, "Imepoa." Mimi najibu, "Tayari." Basi wamenipachika jina, Tayari. Wafanyakazi wapya hudhani ni kwa sababu mimi ni mchapakazi.

Tulikuwa na binti kabla ya huyu tuliye naye. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kupiga soga kabla hajaota meno ya kutosha. Alikuwa akigombana na paka, na ndoo, na mguu wa meza. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba homa ilipomshika. Siku ya pili ya homa, mume wangu, ambaye ni mchomaji wa mikate katika kiwanda kilekile, alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akaenda moja kwa moja kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akasema, "Amepoa." Tukamwacha alale. Kesho yake asubuhi tulikimbia naye hospitali, na hospitali walitueleza mambo mawili: kwamba tumechelewa, na kwamba homa ile haikuwa imeshuka hata kidogo. Tangu jana ilikuwa inapanda tu.

Nilimuuliza mume wangu palepale kwenye korido, mbele ya watu na mafaili yao: nani amepoa? Mtu anayeshika trei za tanuri kwa kitambaa kilichotoboka, mtu ambaye viganja vyake vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu, ndiye aliyempima mwanangu homa. Hakunijibu. Nimemuuliza tena mara nyingi ndani ya miaka minne, wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine kwa kubamiza milango. Hakunijibu.

Huyu wa pili tunamwita Bosi. Ana mwaka mmoja na miezi minne na maneno matatu, yote ya kuamrisha. "Ete" ni lete. "Aji" ni maji. La tatu, "toka", analitamka sawasawa, bila kupunguza herufi, na anamwambia yeyote.

Jumatatu alasiri nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama mkwe amembeba mgongoni, anazunguka naye uani.

"Mume wangu anachemka," aliniambia. Bosi ni mume wake tangu siku aliyozaliwa, na mimi ni mke mwenza asiyejua kupika. "Ni meno hayo, mwanangu. Usianze."

Nilianza. Sikumpa hata nafasi ya kumfungua mtoto vizuri. Nilimvuta na kitambaa chake, nikamwambia mume wangu achukue kadi ya kliniki, na dakika kumi baadaye tulikuwa njiani, mimi mbele, yeye nyuma, kama watu wasiojuana wanaoelekea sehemu moja.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Mtoto alikuwa na thelathini na tisa na nukta saba. Walimtoboa kidole, hakuna malaria. Walimwangalia masikio, wakamwangalia koo, wakamkunja shingo, na Bosi akamwambia daktari toka. Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Alisema ni kirusi, na kirusi hakina dawa. Nimpe dawa ya maji ya kushusha homa, kwa kile kibomba chake na si kwa kijiko cha nyumbani, kwa kiasi alichoandika. Nimpe maji na maziwa kidogo kidogo kila mara. Nimvishe nguo nyepesi. Halafu nisubiri.

"Kusubiri nilishasubiri mara moja," nilimwambia. "Wewe hukuwepo."

Aliweka kadi mezani, akaniangalia. Nikamweleza. Nilieleza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la nje, nikaona watu wanageuza shingo. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kwa sababu nilimwambia asimame mlangoni, na wakati wote nilipokuwa nasema alitazama bango la chanjo kama vile analisoma.

Daktari hakunipa pole za haraka haraka. Alichukua karatasi tupu akaandika kwa herufi kubwa. Rudi hapa mbio ukiona hivi: hanywi. Haamki vizuri. Ameshikwa na degedege. Shingo imekakamaa. Anapumua kwa shida. Mikono na miguu baridi huku mwili unawaka. Halafu akaniambia kuhusu vipele. Mtoto akitoka vipele, nichukue glasi isiyo na maua, niikandamize juu ya madoa, nitazame kupitia kioo. Yakififia, nivute pumzi. Yasipofifia, nisivute, nikimbie. Aliongeza jambo jingine kuhusu homa fulani ya watoto wa umri huu, lakini nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nakunja karatasi ile mara nne, niifiche kifuani.

Njiani nilinunua kipimajoto, kile cha kuweka kwapani ambacho hulia kikimaliza. Nilipofika nyumbani nikawatangazia wote wawili. Bibi atambeba, atamlisha, atamwogesha. Baba atasoma namba. Hakuna mtu atakayemgusa mtoto usoni na kusema lolote. Mume wangu aliuliza kama anaruhusiwa kumshika miguu. Nilidhani ananitania, nikamkaribia nimjibu. Hakuwa anatania.

Jumanne namba ilikuwa thelathini na tisa na nusu asubuhi, thelathini na nane baada ya dawa, na jioni ikarudi kulekule. Bosi hakutaka uji, hakutaka maziwa, alitaka glasi. Tuna glasi moja tu isiyo na maua, na nilikuwa nimeiweka juu ya kabati kwa ajili ya vipele, naye aliiona. "Ete," akasema, kwa sauti ya mgonjwa lakini kidole kimenyooka. Nikamnywesha maji kwa glasi ile, nikaiosha, nikairudisha kabatini. Ndivyo tulivyoshinda, mimi na yeye, tukiipandisha na kuishusha.

Jumatano nilimpigia simu msimamizi kumwomba siku ya pili. Aliniambia ananielewa kabisa, na kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini na mikate nayo haijifungi yenyewe. Nilimwambia mimi sikuona ung'ongo, niliona nyoka, nikamkatia simu. Kisha nikatoka kwenda duka la dawa kuongeza chupa, maana Bosi alikuwa ametema nusu ya ile ya kwanza kwenye blauzi yangu.

Sikukaa hata nusu saa. Niliporudi nilimkuta jirani yetu, fundi cherehani, ameketi kitandani mwangu, tepu yake ya kupimia shingoni, na mtoto simuoni. Niliona blanketi. Chini ya blanketi kulikuwa na blanketi jingine, chini yake sweta la sufu, na ndani ya sweta Bosi, uso umekuwa kama nyanya, nywele zimelowa.

"Ni surua hiyo, Mama Bosi," fundi alisema, kwa upole wa mtu anayekupa habari ya harusi. "Angalia macho yalivyolegea. Surua haitaki upepo. Lazima ifunikwe mpaka itoke yote, isipotoka inarudi ndani."

Nilimuuliza inarudi ndani wapi. Akasema ndani. Nilivuta blanketi la kwanza likaangusha taa, nikavuta la pili, nikamvua mtoto sweta kwa haraka mpaka sikio lake likakwama. Kipimajoto kilisema arobaini na nukta mbili. Nikamshikia fundi kadi ya kliniki mbele ya pua, pale palipogongwa muhuri wa chanjo ya surua, nikamwambia kama anajua kusoma asome, na kama hajui, basi na nguo zetu anapimaje. Mama mkwe alisema wanasaidia tu. Nilimwambia walishanisaidia mara moja, nikabaki na gauni la mwaka mmoja na miezi saba ambalo hakuna wa kulivaa.

Mama mkwe alilikunja blanketi polepole, pembe kwa pembe. Fundi ndiye aliyesema, akiwa tayari mlangoni, "Hasira hasara, dada yangu."

"Hasara nilishaipata," nilisema. "Hasira ndiyo iliyobaki."

Alhamisi msimamizi aliniambia nikose tena nisirudi. Mtoto alikuwa amekunywa glasi mbili nzima tangu alfajiri, hakuna hata alama moja ya kwenye karatasi iliyokuwa imetokea, na mume wangu alikuwa anamaliza zamu saa nne asubuhi. Nilimsubiri aingie ndani. Nilimpa kipimajoto mkononi kama mtu anayekabidhi bunduki. Kila saa, nilimwambia. Kwapani, mpaka kilie. Ukiona kitu, piga simu getini. Alisema sawa. Nikamwambia asiseme sawa, arudie. Akarudia yote.

Simu haziingii chumba cha kufungashia. Tunaziacha kwa mlinzi wa getini, ndani ya kasha lenye matundu, kila mtu na tundu lake, na mlinzi ndiye anayepokea za dharura. Ni mzee mzuri, redio yake haizimwi, na tatizo lake ni moja: ujumbe ukiwa mrefu anaufupisha. Aliwahi kumwambia mwenzetu kwamba mdogo wake amevunjika, kumbe aliyevunjika ni mguu wa kitanda cha mdogo wake.

Kabla ya saa saba mchana ilishuka rafu mpya kutoka tanurini, moto kweli kweli. Nilikuwa nimeshapima mikate kama mia hivi, na mikono yangu ilikuwa kama ya siku zote saa hizo: myekundu, imekunjamana, haisikii tena vizuri. Nilikuwa nimeshika mkate mmoja niliposikia mlinzi ananiita kutoka mlangoni, akishindana na feni.

"Tayari! Nyumbani wanasema mtoto amepoa."

Chumba kizima kilifurahi. Mwenzangu wa meza ya pili alinigonga bega akaniambia, unaona, ulikuwa unajitesa bure. Nilimuuliza mlinzi, amepoa vipi? Akasema amepoa, amepoa tu, na kuna mambo ya vipele. Nilimuuliza ni nani aliyepiga simu. Akasema, baba yake.

Sikuvua aproni. Sikuvua kofia ya wavu. Msimamizi alisema kitu, nikampita. Kutoka kiwandani mpaka kwetu ni mwendo wa robo saa, na nadhani nilitumia nusu yake. Nilipita kwa wachomelea mageti, cheche zikaniangukia miguuni. Nilipita saluni, nikapita shule, nikaruka mtaro uliofunguliwa ambao siku nyingine huuzunguka. Watu walinipisha. Mmoja alipiga kelele kwamba nimeiba mkate, wenzake wakacheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bado nimeushika, nimeukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Sikuutupa. Sijui kwa nini. Nilikuwa nashughulika kupanga maneno.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilipanga kumwambia kwamba kati ya maneno yote ya duniani amechagua lile lile. Kwamba nilimpa namba, nikampa kifaa kinacholia, nikamfundisha kama mtoto, na bado aliweka kiganja chake cha soli juu ya mwanangu akatamka. Nilipanga kumwambia afungashe nguo zake. Kwa kila hatua neno moja, na pumzi ilipokata nilikuwa nimefika.

Mlango ulikuwa wazi. Bosi alikuwa amelala chali kwenye mkeka katikati ya chumba, amevaa nepi tu, mikono juu kama mtu aliyeambiwa asijitingishe. Tumboni, kifuani, shingoni mpaka nyuma ya masikio ametapakaa madoa madogo ya waridi. Mume wangu alikuwa amekaa kando yake na kipimajoto mkononi. Nilipiga magoti, nikaachia mkate, nikaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la mwanangu, kama ninavyofanya, moja, mbili, tatu.

Alikuwa baridi.

Nikaweka tumboni. Baridi. Nikaweka mguuni. Kama sakafu.

Sikupiga ukelele. Niliokota ule mkate nikamrushia mume wangu kwa nguvu zangu zote, ukampata begani, ukagonga ukuta. Nilimwambia ameua wawili. Nililisema hilo, na siwezi kulifuta. Mama mkwe alitoka uani na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, akaanza kusema kitu, mume wangu akamwashiria anyamaze. Kisha akanishika vifundo vya mikono, vyote viwili, akaninyanyua.

"Niache nimshike mwanangu," nilisema.

"Utamshika. Kwanza mikono."

Ana nguvu, ni mchomaji. Alinivuta mpaka uani penye bomba, akalifungua mpaka mwisho, akaishikilia mikono yangu chini ya maji. Nilimpiga teke. Alikaa hivyo hivyo, hakulegeza. Maji yalikuwa baridi ya kuuma, na yaliuma zaidi kadiri yalivyoendelea, kwanza vidole, halafu mgongo wa mkono, halafu kifundo, kama vile mikono ilikuwa inarudi kwangu kutoka mahali. Nilitazama ngozi. Ilikuwa nyekundu kama ya mtu aliyeungua. Sikuwa nimewahi kuitazama nikiwa nyumbani.

"Sasa nenda," alisema, akaniachia.

Nilijifuta kwenye aproni. Nikapiga magoti tena, nikaweka mkono palepale tumboni, juu ya madoa.

Alikuwa na joto. Joto la kawaida, la mtoto aliyelala mchana baada ya siku tatu mbaya. Tumbo lilipanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Na vidole vyangu vilikuwa vya baridi sasa, kwa hiyo alifumbua jicho moja, akaniangalia nilivyo, na kofia yangu ya wavu, akasema, "Toka."

Mama mkwe akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, sabuni ikimdondoka. Mume wangu alipandisha mkono juu ya kabati, akashusha glasi. Alikuwa ameshafanya mara mbili kabla sijafika, aliniambia, lakini akafanya tena nikiwa naangalia. Alikandamiza kioo juu ya madoa ya kifuani. Yalififia yote, ngozi ikabaki tupu chini ya glasi, na alipoiinua yakarudi moja moja. Akanionyesha kipimajoto. Thelathini na sita na nukta nane. Alikuwa ameandika namba zote kwenye mgongo wa bahasha, kila saa, kwa mwandiko wake wa kuinama, na pembeni ya saa sita ameandika "vipele".

"Daktari alisema," aliniambia. "Ulikuwa unakunja karatasi. Alisema kuna homa inawaka siku tatu au nne, halafu inashuka ghafla, na ikishashuka ndipo vipele vinatoka. Vikitoka hivyo, na glasi ikikubali, basi imekwisha. Nimempigia na yeye, kasema tukipata nafasi tumpeleke kesho amwone tu."

"Kwa nini ulisema neno lile?"

"Sikusema. Nilimwambia mlinzi: homa imeshuka, thelathini na sita nukta nane, vipele vimetoka, vinafifia kwa glasi, asikimbie. Nikamwambia arudie. Akasema amesikia."

Nilikaa sakafuni. Bosi alikuwa amejigeuza kifudifudi, anautazama ule mkate uliolala ukutani. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa maji, na niliitazama tena, pande zote mbili, na hapo nikaikumbuka siku ile. Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeiweka mahali ambapo sipiti.

Siku ile nilirudi kutoka kazini saa kumi. Mume wangu aliniambia Chiriku amepoa. Mimi sikumwamini, mimi simwamini mtu kirahisi, kwa hiyo nilienda mwenyewe kitandani kabla hata sijavua aproni. Nilitoka kwenye mikate mia tatu. Niliweka mgongo wa mkono juu ya paji la uso wa binti yangu, nikahesabu moja, mbili, tatu. Na nilimwambia mume wangu, nikiwa na furaha, "Kweli. Amepoa."

Halafu nilikwenda kupika.

"Na mimi nilimgusa," nilisema.

Mume wangu alikuwa anaokota vipande vya ganda la mkate. "Najua."

"Na mimi nilisema."

"Nilikuwepo, Mama Chiriku."

Ni yeye peke yake anayeniita hivyo bado. Wengine wote walihamia kwa Bosi siku alipozaliwa, kama watu wanaohamia nyumba mpya. Nilimtazama. Nilitaka moyo wangu ulainike, kwa sababu niliona ndivyo inavyostahili. Haukulainika. Hasira ilipanda upya, mbichi, sikujua pa kuiweka.

"Miaka minne unajua, unaniacha nakutukana? Mbele ya daktari? Mbele ya mama yako?"

"Ulikuwa huli," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Baada ya mazishi. Muulize mama. Siku nane, maji tu. Siku ya tisa ukanirushia sahani, ukanitukana mpaka majirani wakatoka nje, halafu ukaenda jikoni ukapakua chakula ukala chote, umesimama. Nikasema, basi. Acha anirushie."

Mama mkwe, kutoka mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Nilimwuliza na yeye kama alijua. Akasema alikuwepo chumbani, mwanangu, alikuwa anakunja nguo. Alisikia wote wawili.

Wote walijua. Waliketi ndani ya nyumba ile ile, wakajifunza kusema chai inapungua moto, na walijua. Nilisimama, nikaingia chumbani, nikabamiza mlango. Nikaufungua, nikaubamiza tena. Nilikaa kitandani na aproni yangu, nikalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuilia hata siku ya mazishi, na nilimlilia Chiriku, na niliilaani mikono yangu, na nilimlaani mume wangu kwa wema wake, maana mtu akikuonea unajua la kufanya, lakini mtu akikubebea mzigo kimya kimya unamfanya nini? Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Walinijua vizuri.

Nilipotoka, Bosi alikuwa amekalia mkeka na nusu ya mkate mapajani. Alikuwa anachimba katikati kwa vidole, anakula nyama ya mkate na kuacha ganda, chakula chake cha kwanza tangu Jumatatu. Madoa yalikuwa yamepanda mpaka mashavuni. Aliponiona alionyesha glasi.

"Aji," alisema.

"Mume wangu ame—" mama mkwe alianza, akajiziba mdomo. Aliniangalia juu ya kiganja chake. Sikumsaidia.

Ijumaa daktari alimwangalia, akasema imekwisha, vipele vitafutika vyenyewe siku mbili tatu, na vikafutika. Jumamosi nilirudi kazini nikakatwa siku zangu, na msimamizi alipouliza kama imepoa nilimjibu tayari, kama kawaida. Neno halijaruhusiwa nyumbani kwetu. Sijui kama litaruhusiwa. Kuna siku ninamkasirikia mume wangu kwa lile la zamani, kwa mazoea tu, halafu nakumbuka kwamba halipo tena, na inanibidi nitafute jingine.

Lakini sasa hatuendi kwa mtoto moja kwa moja. Anayerudi kutoka kazini anapita uani kwanza. Siku ambazo zamu zetu zinakutana tunafika pamoja, nasi tunasimama pale bombani bega kwa bega, mchomaji na mfungashaji, mikono chini ya maji mpaka viwiko, huku Bosi anapiga mlango kwa ndani na kutuamuru tulete. Kila mmoja anahesabu.